Shajara ya mradi: fimbo, kivuli na saa sita isiyokuwa saa sita

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nafundisha darasa la tatu kwenye shule moja ya msingi hapa Tanga, pande za Ngamiani. Wanafunzi ni 54. Darasa la nne nimeliacha kwa sababu mwezi ujao wana upimaji wao wa kitaifa, na mwalimu wao hataki hata kusikia habari ya kutoka nje.

Kazi yenyewe ni kufuatilia kivuli cha mchana mpaka siku kitakapopotea. Tanga iko digrii 5 na kidogo kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba likishuka kusini na mwanzoni mwa Machi likirudi. Kwa jedwali la mwinamo wa jua, linaloonyesha kila siku jua liko digrii ngapi kaskazini au kusini ya ikweta, siku yetu ni kati ya tarehe 5 na 6 Oktoba. Tarehe 5 ni Jumapili, basi tumelenga tarehe 6.

Naandika ili mwalimu mwingine akitaka aige, na ndiyo maana yaliyoharibika nitayaeleza kwa urefu kuliko yaliyokwenda sawa.

Leo tulibaki ndani. Niliwapa karatasi wachore jua, mti na kivuli cha mti. Watoto 31 wamekichora kivuli upande ule ule wa jua. Wengine wamekitia macho na mdomo. Sikusahihisha chochote. Kinachonichekesha ni kwamba kengele ya mapumziko ikilia hao hao hukimbilia upande sahihi wa mwarobaini, hakuna hata mmoja anayekosea.

Sharti moja limewekwa na litarudiwa kila siku: hakuna kulitazama jua. Tunafanya kazi tukiwa tumelipa mgongo.

Jumatano na Alhamisi, 17 na 18 Septemba

Tulianza na vivuli vyao wenyewe. Wawili wawili, mmoja amesimama, mwenzake anakizungushia kivuli chake chaki kwenye sakafu ya saruji mbele ya ofisi. Saa 2:00 asubuhi vivuli vilikuwa mara mbili ya urefu wa watoto, vikapandana, na wa pembeni kabisa kichwa chake kikaangukia kwenye maua ya mwalimu mkuu, ambako chaki haiandiki.

Saa 4:00 tuliporudi, hakuna aliyekumbuka alikuwa amesimama wapi. Kila mtu akasimama alipopenda, wakachora tena, na sakafu ikawa mchafuko wa mikono na vichwa visivyo na wenyewe. Kosa ni langu. Dawa ni kuchora nyayo kwanza, jina likaandikwa ndani ya unyayo, ndipo kivuli kifuate. Alhamisi tulirudia hivyo kwa vikundi sita, kila kikundi na mtu mmoja wa kusimama. Ikawa safi. Boksi la chaki limekwisha.

Msichana mmoja alirudi kwenye nyayo zake, akalipa jua mgongo, akanyoosha mkono mbele kufuata kivuli chake, akasema, "Jua linanisukuma." Wenzake wakaja kujaribu mmoja mmoja. Sikuwa na maelezo bora kuliko hayo, nikayaandika ubaoni.

Ijumaa, 19 Septemba

Fimbo ya kwanza: mpini wa ufagio wa zamani, tumeuchomeka mchangani katikati ya uwanja. Kila nusu saa tunachora mstari kwa kijiti pale ncha ya kivuli ilipofika.

Saa 4:30 mpira wa darasa la sita ukaigonga. Tuliinyoosha kwa macho tukaendelea. Jioni nilipotazama mistari, yote iliyochorwa baada ya mpira ilikuwa imekaa kombo ukilinganisha na ya kabla. Vipimo vya siku nzima tumevitupa.

Jumatatu, 22 Septemba

Nilidhani angalau mistari ya asubuhi ya Ijumaa itatusaidia kama mfano. Nimekuta uwanja umefagiwa. Zamu ya usafi imefanya kazi yake, na wamefagia vizuri kweli, mistari ya fagio imenyooka kama shamba la mkonge. Huwezi kumgombeza mtoto kwa hilo.

Mambo mawili yamebadilika. Alama sasa ni vizibo vya soda vilivyopigiliwa ardhini kwa msumari, kizibo kimoja kila kipimo. Watoto walileta vizibo zaidi ya mia kwa siku moja, sikuuliza vimetoka wapi. Na fimbo inaingia kwenye ndoo ya zege.

Jumanne, 23 Septemba

Ndoo ya lita 10 iliyopasuka mdomo, saruji kilo nne, kokoto za kuokota. Zege lenyewe ni kazi ya robo saa. Kuinyoosha fimbo ndiko kulikotuchelewesha.

Timazi ya kwanza, yaani uzi wenye uzito wa kupimia unyoofu, niliifanya kwa katani na nati. Tanga ukiomba uzi unapewa katani, na mimi sikufikiri mara mbili. Uzi wa katani umesokotwa, ukiufunga uzito unaanza kujisokotoa. Nati ikawa inazunguka kama pia na haitulii. Watoto walifurahi, mimi nilipoteza nusu saa na shilingi 500. Nikamtuma mtu akanunue mshipi wa kuvulia, wa shilingi 1,000. Nati ikatulia palepale. Timazi ipitishwe pande mbili za fimbo, moja ya kutazama ukiwa kaskazini na moja ukiwa magharibi. Upande mmoja tu hautoshi, fimbo inaweza kuwa imenyooka huku na imelala kule.

Zege lilipokauka tukagundua la pili. Lilikuwa chini ya mdomo wa ndoo kwa vidole vinne, na kivuli cha mchana ni kifupi, kwa hiyo kinaangukia humo humo ndani, tena juu yake kinakuja kivuli cha ukingo wa ndoo. Tukachimba shimo, tukaizika ndoo mpaka mdomoni, tukaongeza zege likawa sawa na ardhi, tukapima kwa pima maji niliyoazima kwa fundi jirani. Bahati nilikuwa sijaikata fimbo. Tuliikata mwisho kabisa, ikabaki mita moja juu ya zege. Anayeiga afuate utaratibu huo, asianze na msumeno.

Jumatano, 24 Septemba

Siku nzuri kuliko zote mpaka sasa, na ilianza kwa mimi kukosea.

Niliwaambia kivuli kifupi kuliko vyote ni cha saa sita kamili. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nimekuwa nikifundisha. Saa 6:00 juu ya alama, mpimaji akaweka futi kamba: sentimita 10.4. Nikasema haya, andikeni, tumemaliza, twendeni tukale. Mvulana wa kikundi cha nne hakuinuka. "Mwalimu, jua halijapinduka. Hata adhana bado."

Nilitaka kumwambia adhana ni jambo lingine, halafu nikaona ana haki. Madrasani wanafundishwa hivyo: adhuhuri huingia jua likishapinduka, yaani kivuli kikishamaliza kupungua na kuanza kurefuka upande wa pili. Alasiri nayo huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, ukijumlisha na kile kivuli cha mchana. Nusu ya darasa langu wanaijua kanuni hiyo kwa moyo, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni somo la sayansi.

Tukakaa. Chakula kikasubiri. Saa 6:05 kivuli kilikuwa kimepungua. Saa 6:10 kimepungua tena. Saa 6:15 ni sentimita 7.8, na saa 6:20 kimeanza kurefuka kuelekea mashariki. Dakika chache baadaye adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani, na yule mvulana hakusema neno, alinitazama tu.

Saa 6:31 kivuli kilirudi kuwa sentimita 10.4, sawasawa na cha saa 6:00. Katikati ya saa 6:00 na 6:31 ni saa 6:15 na nusu. Hiyo ndiyo njia bora ya kuipata saa sita ya jua, kwa sababu chini kabisa kivuli hubadilika polepole na macho hayaoni kwa urahisi. Pembeni kinakwenda haraka na kipimo ni rahisi.

Jioni nilikaa na hesabu. Saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao unapita karibu na Mogadishu. Sisi tuko digrii 39.1. Dunia inazunguka digrii moja kwa dakika nne, basi jua linachelewa kutufikia kwa dakika 23 na nusu hivi. Juu ya hapo, jua lenyewe haliendi sawa na saa ya ukutani mwaka mzima, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka si duara kamili na dunia imeinama. Siku hizi za mwisho wa Septemba limetangulia dakika nane. Ukitoa nane kwenye 23 na nusu unapata saa 6:15 na nusu. Fimbo ya ufagio imepatia.

Kwa hiyo hapa Tanga saa sita ya jua haiwi kamwe saa sita ya simu. Mwanzoni mwa Novemba inafika kwenye saa 6:07, na katikati ya Februari inasogea hadi saa 6:38 hivi. Nimefundisha miaka kumi na moja bila kuligundua hilo.

Jambo jingine la leo: vizibo tulivyopigilia tangu saa 3:00 hadi saa 8:00 vimekaa kwenye mstari mnyoofu kama uliopigwa kamba, kutoka magharibi hadi mashariki. Hii hutokea siku zinazozunguka tarehe 22 na 23 Septemba tu, na tarehe 20 na 21 Machi. Siku nyingine mstari unapinda. Sikuwa nimeipanga. Tumeuacha ulivyo, sasa tuna mashariki ya kweli uwanjani bila dira.

Jumatano, 1 Oktoba

Vipimo vinashuka. Leo kwenye saa 6:13 kikundi kimoja kimesoma sentimita 2.6, kingine 3.4. Wakabishana mpaka mmoja akalia.

Wote wawili walikuwa sahihi. Ncha ya kivuli haikatiki kama wembe, inafifia. Jua si nukta, ni duara lenye upana wa nusu digrii machoni petu, na kwa fimbo ya mita moja ule ukungu wa nchani unakuwa karibu milimita tisa. Mmoja alipima weusi unapoishia, mwenzake alipima ukungu unapoishia. Tumekubaliana kupima katikati ya ukungu, watu watatu, kisha wastani. Nilijaribu pia kufunga kipande cha boksi chenye tundu juu ya fimbo ili kianguke kiduara cha mwanga. Kilipendeza, upepo ukakichukua.

Jumapili, 5 Oktoba

Mwanzoni nilitaka siku yenyewe tuchungulie kisima. Ile hadithi ya Eratosthenes wa Aleksandria, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ilianzia kwenye kisima cha Siene, Aswan ya leo, ambako siku moja ya mwaka jua lilifika hadi chini majini. Kisima tunacho, kwa bibi mmoja jirani na shule. Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Watoto hamsini na nne na kisima. Hapana, mwalimu." Nilipofikiri vizuri, hata ule mng'ao wa jua majini si wa kumkazia macho mtoto.

Badala yake nimenunua kipande cha bomba la plastiki, inchi 4, urefu sentimita 60. Ukilisimamisha juu ya karatasi nyeupe ni kisima cha mkononi: jua likiwa utosini, mwanga unajaza duara lote la chini. Nililijaribu leo uani kwangu. Mke wangu alidhani hatimaye nashughulikia bomba la bafuni.

Saa 6:12 nusu ya duara ilikuwa giza. Kumbe muuzaji alilikata kwa msumeno wa chuma kwa haraka na mdomo umekaa mshazari, hivyo bomba linasimama limeinama. Nimelisugua kwenye sakafu ya saruji, huku nikipima kwa timazi, karibu saa nzima. Lilipokaa sawa jua lilikuwa limeshaondoka. Siku yenyewe niliyoipigia hesabu wiki tatu imenipita nikiwa nasugua plastiki.

Jumatatu, 6 Oktoba

Saa 6:00 watoto wote uwanjani, jua kali, kivuli sentimita tano upande wa magharibi na kinapungua kwa kuonekana. Saa 6:05 wingu. Moja tu, nene, la vuli. Tulisimama tukilisemesha. Saa 6:12 ikapita. Saa 6:17 jua likatoka na kivuli kikawa zaidi ya sentimita mbili, mashariki.

"Tumepunjwa," mmoja akasema, na nilikuwa naona hivyo hivyo.

Nilipotulia ndipo nikaona kwamba nilikuwa naogopa kitu kisichostahili. Jua linahama kutoka siku moja hadi nyingine kwa chini ya nusu digrii. Kwa fimbo ya mita moja hiyo ni milimita saba tu. Lakini ndani ya siku linakwenda digrii moja kila dakika nne, sawa na milimita kumi na saba. Ukichelewa dakika nne unaharibu kuliko ukichelewa siku mbili. Mimi wiki tatu nimelinda tarehe, kumbe cha kulindwa ni dakika.

Jumanne, 7 Oktoba

Anga safi. Tulitoka saa 5:55, bomba likiwa limeshasimamishwa kwa timazi juu ya karatasi ya manila karibu na fimbo, limezungushiwa matofali.

Saa 6:12 kivuli cha fimbo kilikuwa sentimita moja, kimejibana kaskazini mwa mguu wake, lazima upige goti kukiona. Watoto wakaanza kujitazama. Mmoja alirukaruka juu ya kivuli chake, kilikuwa kama sahani chini ya miguu. Mwingine aliinua begi kichwani, kivuli cha begi kikammeza mzima.

Kwenye bomba walipita kwa foleni, wakichungulia kwa pembeni, bila kuziba jua. Duara lilijaa mwanga isipokuwa upande wa kusini, ambako palibaki giza jembamba kama ukucha. "Mwezi mwandamo," akasema wa kwanza, na 53 waliofuata wakasema hivyo hivyo. Giza hilo ni lile jua kuwa limetupita kidogo kusini. Jana bila wingu lingekuwa jembamba zaidi, ila nimefurahi halikuwa duara kamili, kwa sababu wenyewe wameuliza kwa nini ukucha uko upande huo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Rafiki yangu anafundisha Bagamoyo. Bagamoyo iko digrii 6.4 kusini, kwa hiyo siku yao ni leo. Nilimweleza habari ya dakika kwa simu, akasimamisha fimbo yake ya mita moja. Saa 6:12 akapiga: hana kivuli. Kwetu dakika hiyo hiyo, wastani wa watu watatu: sentimita 2.5, kaskazini.

Hesabu inayofuata ni ya darasa la saba, niliifanya na mwalimu wa hisabati ofisini. Kivuli ni 2.5, fimbo ni 100. Fimbo ni mara 40 ya kivuli. Miale ya jua inatufikia sambamba na fimbo zote mbili zinaelekea kitovu cha dunia, kwa hiyo pembe ya kivuli chetu ndiyo pembe iliyo kati ya Tanga na Bagamoyo huko kitovuni. Basi kutoka hapa hadi kitovu cha dunia ni mara 40 ya umbali wa Tanga na Bagamoyo kwa mstari wa kaskazini-kusini, ambao kwenye ramani ni kilomita 151 hivi (si urefu wa barabara, tahadhari). Tukapata 6,040. Kipimo kinachokubalika ni kilomita 6,371. Kivuli kingekuwa 2.4, tungepata 6,292. Yaani milimita moja ya ukungu ina kilomita 250 ndani yake. Mwalimu wa hisabati ameomba fimbo ndefu zaidi.

Walioniuliza kuhusu kwao: Mwanza ilipita tangu tarehe 29 Septemba, Dar es Salaam ni kesho, Mbeya tarehe 15 au 16, Mtwara 19.

Ijumaa, 17 Oktoba

Jumanne ilikuwa Siku ya Nyerere, tulipumzika. Leo saa 6:09 kivuli ni sentimita 7.6, kaskazini. Mwezi uliopita urefu kama huu ulikuwa kusini mwa fimbo, na vizibo vya zamani bado viko pale kushuhudia.

Niligawa tena karatasi za jua, mti na kivuli. Waliochora upande wa jua ni wanne, kutoka 31. Macho yamebaki kwenye vivuli viwili.

Gharama: saruji 2,000, katani 500 (hasara), mshipi 1,000, misumari 1,500, chaki 2,000, futi kamba 5,000, daftari la kaunta 3,500, manila tatu 3,000, bomba 3,000. Jumla shilingi 21,500. Shule imetoa 10,000. Fimbo, ndoo, kokoto na vizibo ni bure, pima maji ni la kuazima na bado sijalirudisha.

Kivuli kitapotea tena Machi 2026, tarehe 7, ambayo ni Jumamosi. Ijumaa au Jumatatu zitafaa. Saa itakuwa 6:35, si 6:12, nimeiandika kwa wino mwekundu ndani ya jalada la daftari.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimekuta mbuzi wa jirani amefungwa kwenye fimbo. Amekula kamba nusu, na timazi inaonyesha ncha imevutwa sentimita mbili mashariki. Mbuzi amerudishwa. Fimbo tutainyoosha kesho kwa kabari, kikundi cha nne wameomba kazi hiyo.